Kuiomba programu ya kutafuta faili ijibu bila dirisha

Ombi lenyewe huwa fupi: tuwekeeni machaguo ya mstari wa amri. Anayeliandika huwa tayari anaipenda programu. Ameizoea kwenye dirisha lake. Anaandika herufi tatu, faili inajitokeza. Sasa anataka uwezo huohuo aupate akiwa ndani ya skripti, au kwa kubonyeza vitufe viwili, au kutoka kwenye programu nyingine kabisa. Kwake hilo ni suala la kuongeza neno moja baada ya jina la programu. Mwandaaji akilisoma ombi hilohilo anaona mambo matatu yasiyo na undugu: kufungua dirisha likiwa limeshajazwa maneno ya kutafuta, kutoa orodha ya matokeo kama maandishi, na kufanya kazi za ndani, mathalani kusasisha hifadhidata, pasipo dirisha lolote. Maombi mengi hukwama kwa sababu mwombaji hakusema analitaka lipi, na mwandaaji akajibu lile lililokuwa jepesi kwake.

Uzito wa kila moja hutegemea jambo ambalo mtumiaji haoni kwenye kioo: faharasa ya faili inakaa wapi, na nani anaishikilia.

Chukua amri ya locate, ambayo mfumo wake James A. Woods aliueleza mwaka 1983 na ikaingia kwenye Unix ya BSD. Faharasa yake ni faili la kawaida kwenye diski. Amri moja, updatedb, huliandika. Amri nyingine hulisoma. Hapo hakuna mwenye kumiliki dirisha wala mwenye kumkatalia mwingine. Apple walipotoa Spotlight kwenye Mac OS X 10.4 mwaka 2005, waliiweka faharasa mikononi mwa huduma ya mfumo, na dirisha la kutafutia likawa mteja mmojawapo tu. Ndiyo maana toleo hilohilo lilikuja na amri ya mdfind, inayouliza swali lilelile na kujibiwa na huduma ileile.

Everything ya Windows iko upande wa pili. Programu hii ya voidtools, iliyoandikwa na David Carpenter, haiingii folda moja baada ya nyingine. Husoma moja kwa moja jedwali kuu ambamo diski ya NTFS huorodhesha faili zake zote, kisha hufuatilia daftari la mabadiliko ambalo NTFS yenyewe huliandika kila faili inapoundwa, inapobadilishwa jina au inapofutwa. Kwa makadirio ya watengenezaji wake, faili milioni moja huorodheshwa kwa kama dakika moja. Baada ya hapo orodha yote hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndani ya mchakato uleule unaochora dirisha. Mtu anayeandika skripti ya kukusanya picha zote za mwezi uliopita anajua orodha hiyo ipo, imeshatayarishwa, ila kwa dirisha peke yake hana pa kuifikia. Anabaki na `dir /s`, ambayo huizunguka diski upya kila inapoitwa. Anachokiomba hasa ni ruhusa ya kuuliza kumbukumbu ya mchakato mwingine.

Ombi la dirisha lililojazwa ndilo la bei nafuu, na ndilo lililojibiwa kwa ukarimu zaidi. Everything.exe inapokea `-search` likifuatwa na maneno ya kutafuta, `-path` la kuubana utafutaji kwenye folda moja, `-sort` la mpangilio, `-regex` kwa wanaotumia ruwaza. Machaguo mawili ndiyo yanayonivutia: `-newwindow` na `-nonewwindow`. Everything kwa kawaida huwa tayari inaendelea kimyakimya tangu kompyuta ilipowashwa. Ukiiita tena kwa amri, nakala ya pili huikabidhi ile ya kwanza maneno yako kisha hujiondoa. Je, ya kwanza ifute alichokuwa akikitafuta mtumiaji kwenye dirisha lililo wazi, au ifungue jingine pembeni? Anayefunga amri hii kwenye kitufe cha kibodi anataka dirisha moja linalorudi daima. Anayeiita kutoka kwenye programu ya kusimamia mafaili anataka jipya, la zamani lisiguswe. Wote wana haki, kwa hiyo yapo machaguo yote mawili. Ombi lisilotaja hali ya programu kuwa tayari imefunguliwa ni nusu ombi.

Kwenye Linux, Catfish ya mazingira ya Xfce imelifanya jambo hili vizuri kwa machaguo machache. Meneja wa mafaili Thunar humruhusu mtumiaji kuongeza kitendo chake kwenye menyu, na amri ya kuandika hapo ni `catfish --path=%f`; Thunar hubadilisha `%f` kuwa folda aliyoibofya mtumiaji. Kuna pia `--start`, linaloamuru utafutaji uanze mara dirisha linapoonekana. Linaonekana dogo, lakini fikiria kukosekana kwake: dirisha linafunguka, maneno yamejaa, halafu mtu anatakiwa abonyeze Enter kuthibitisha kile alichokwisha kukiamuru. Aliyeitumia kazini mara mbili tu angelidai.

Kuna mtego mmoja hapa unaostahili kutajwa, nao unazihusu programu nyingi zilizojengwa kwa zana za madirisha za GTK. Programu ya aina hii ikitangazwa kuwa ya nakala moja, nakala ya pili hupeleka maneno ya amri kwa ya kwanza kupitia D-Bus, njia ya programu kuwasiliana. Sasa mtumiaji yuko kwenye folda ya picha, anaandika amri yenye nukta, akimaanisha “hapahapa nilipo”. Nakala ya kwanza ilizinduliwa asubuhi kutoka kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na kwake yeye nukta ni folda hiyo. GLib, maktaba iliyo chini ya GTK, hutuma mahali alipo mwitaji pamoja na maneno ya amri, lakini ni mwandaaji anayepaswa kukumbuka kupauliza. Akisahau, utafutaji utafanyika mahali pengine, utatoa matokeo halali ya folda isiyo sahihi, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea. Mwandaaji anayejaribu kila mara kwa kuifunga programu na kuizindua upya hatalikuta tatizo hili kamwe.

Ombi la pili, la kupata matokeo kama maandishi, ndilo lenye uzito wa kweli kwenye Windows, na sababu yake iko kwenye muundo wa faili za .exe zenyewe. Kila .exe hubeba kwenye kichwa chake namba inayotangaza aina yake: 2 ni programu ya madirisha, 3 ni programu ya dirisha la amri. Namba hiyo huandikwa wakati programu inaundwa. Ukiandika kwenye cmd, dirisha la amri la Windows, jina la programu ya aina ya 2, cmd haiingoji. Hukurudishia mstari wa kuandikia papo hapo, na programu huanza maisha yake bila kushikamana na dirisha lile ulilokuwa ukiandikia. Ukizindua ya aina ya 3 kwa kubofya ikoni, Windows huifungulia dirisha jeusi ambalo hakuna aliyelihitaji. Zipo mbinu za kulazimisha. Programu ya madirisha inaweza kujishikiza kwenye dirisha la amri lililoiita na kuandika humo. Lakini cmd imeshaendelea na shughuli zake, na matokeo huja kuchapwa juu ya mstari mpya ambao mtumiaji pengine ameshaanza kuuandika.

Kwa hiyo mtu anapoomba “Everything.exe ichape matokeo”, anaomba kitu ambacho jina hilo haliwezi kukifanya kwa unadhifu. voidtools hawakulazimisha. Walitoa programu ya pili, ndogo, iitwayo es.exe, ya aina ya 3. Hiyo haina faharasa yake wala haisomi diski. Hupokea maneno yako, huyapeleka kwa Everything iliyo hai kupitia ujumbe wa Windows wa kati ya michakato, hupokea majibu na kuyachapa mstari kwa mstari. Kwa `-n` unapunguza idadi ya matokeo, kwa `-export-csv` unayaweka kwenye faili la jedwali, kwa `-get-result-count` unapewa hesabu tu. Naona uamuzi huu ni sahihi kabisa. Dirisha limebaki dirisha, na anayetaka kuunganisha amri kwa mabomba amepewa chombo kinachotenda kama amri nyingine zote.

Uamuzi huo una gharama yake, na napenda kwamba gharama haikufichwa. Es.exe bila Everything ni bure. Ukiiita wakati Everything haijawashwa, inamaliza kazi na kuacha namba 8, ambayo maana yake ni kwamba haikuliona dirisha la mawasiliano la Everything. Chaguo isilolijua linaachia 6. Faili la kupelekea matokeo likishindikana kuundwa, 5. Anayeandika skripti anaweza kuitazama namba hiyo kupitia `errorlevel` na kuamua: aiwashe Everything, asubiri, au amwambie mtumiaji. Kuna hali ya tatu, ya katikati, ambayo wengi huisahau: Everything imewashwa lakini bado inapakia hifadhidata, kama inavyokuwa sekunde chache baada ya mtu kuingia kwenye akaunti yake. Hapo huja `-timeout`, likifuatwa na muda kwa milisekunde ambao es.exe itasubiri hifadhidata ipakiwe kabla ya kutuma swali. Chaguo la namna hii kwa kawaida huzaliwa mtu anapoona skripti yake ikifanya kazi mchana kutwa na kushindwa kila asubuhi.

Na vipi faili likikosekana? Amri za Unix zimewazoesha watu kwamba kutopata kitu kunaachia namba 1. Ndivyo grep na locate zinavyofanya. Es.exe huhesabu utafutaji uliokamilika bila kupata kitu kuwa umefaulu, kwa hoja kwamba swali liliulizwa na likajibiwa, jibu likiwa ni hakuna. Anayetaka namba tofauti anaongeza `-no-result-error`. Binafsi ningependa tabia ya grep iwe ndiyo ya kawaida, kwani skripti nyingi zinauliza hasa hilo: kipo au hakipo. Hata hivyo kubadilisha tabia ya kawaida kungevunja skripti zilizoandikwa kwa kuitegemea, na chaguo la nyongeza ndiyo njia ya heshima ya kuwahudumia wapya pasipo kuwadhuru wa zamani.

Sasa tufike kwenye alama, mahali ambapo lugha mbili hugombana. Ndani ya dirisha la Everything, `|` humaanisha “au”, `!` humaanisha “isipokuwa”, na `<` pamoja na `>` hufunga maneno katika kundi. Ni lugha nzuri na fupi. Ukiipeleka kwenye cmd, `|` ni bomba la kupitisha matokeo kwa amri nyingine, na `<` `>` huelekeza mafaili. Andika `es jpg|png` na cmd itajaribu kuendesha programu iitwayo png. Es.exe haina kosa lolote, kwa sababu maneno hayakuifikia yakiwa kamili. Dawa iliyo kwenye maelekezo ni kutanguliza `^` mbele ya kila alama ya aina hiyo, au kufunga maneno kwa alama za nukuu. Lakini nukuu nazo zina maana yake ndani ya Everything: humaanisha maneno haya kwa mfuatano huuhuu. Everything.exe ikaongezewa `-search*`, lenye nyota mwishoni, linalosema kwamba kila kitu kinachofuata mpaka mwisho wa mstari ni maneno ya kutafuta, kichukuliwe kama kilivyo. Hiyo ni tiba nzuri kwa programu nyingine inayoiita Everything, kwani haihitaji tena kuhangaika na nukuu ndani ya nukuu.

Kwenye matokeo, ugomvi ni wa majina ya faili. Windows hairuhusu alama ya nukuu mbili ndani ya jina la faili, kwa hiyo kulifunga jina kwa nukuu kunatosha. Unix inaruhusu karibu kila kitu, na sisi tunaoandika Kiswahili tunalo tatizo ambalo halihitaji jina la ajabu. Mtu ana faili liitwalo `hesabu ya ng'ombe.ods`. Anaandika `locate ods | xargs ls -l`. Amri ya xargs huichukulia ile ritifaa ya ng' kuwa mwanzo wa nukuu, inaitafuta ya kuifunga, haiioni, na inagoma. Jina lisilo na ritifaa ila lenye nafasi, `hesabu ya mbuzi.ods`, lisingeigomesha, bali lingekatwa vipande vitatu, na ls ingelalamika kwamba hakuna faili hata moja kati ya hayo matatu. Suluhisho ni chaguo la kutenganisha majina kwa baiti ya sifuri badala ya mstari mpya, kwa kuwa hiyo ndiyo baiti pekee isiyoweza kuwemo kwenye njia ya faili. Find ya GNU inalo `-print0`, locate inalo `-0`, mdfind inalo `-0`, na xargs hupokea kwa `-0`. Nikiona programu mpya ya kutafuta inatangaza kwamba sasa inachapa matokeo kwenye mstari wa amri, hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye maelekezo yake. Likikosekana, programu hiyo haifai bado kuaminiwa na skripti inayofuta au kuhamisha mafaili ya mtu, hasa mafaili yenye majina ya nyumbani kwetu.

La tatu, kazi za ndani, nalipitia haraka kwa kuwa mfano wake ni safi. FSearch ya Christian Boxdörfer, programu ya Linux iliyochochewa na Everything, haina daftari la mabadiliko kama la NTFS la kuegemea, kwa hiyo hifadhidata yake huhitaji kusasishwa. Ina `--search` la kujaza dirisha, na ina `--update-database`, linalosasisha hifadhidata kisha kuondoka. Mtu huiweka amri hiyo kwenye ratiba ya cron ifanye kazi saa za usiku, na asubuhi dirisha linafunguka likiwa na orodha mpya. Chaguo moja, kazi moja, na jina linalojieleza.

Nikirudi kwa mwombaji, ninachomshauri ni aandike kisa kizima cha kazi yake kabla ya kupendekeza jina la chaguo. Kwa mfano: “Nina skripti inayofanya kazi kila saa moja. Nataka kuita amri yenye maneno ya kutafuta na folda, nipate njia kamili za faili zilizopatikana, zikitenganishwa kwa baiti ya sifuri, dirisha lolote lisifunguke. Programu ikiwa tayari inaendelea, nataka itumie faharasa iliyopo bila kugusa dirisha lililo wazi. Ikiwa haijawashwa, nataka amri ishindwe mara moja na namba yake maalumu, isiiwashe yenyewe. Kusipopatikana kitu, nataka namba tofauti na hiyo.” Mwandaaji akisoma haya anajua ombi ni la aina ya pili, anajua hahitaji kugusa dirisha, na anaweza kujibu kwa ukweli kama muundo wa programu yake unaruhusu. Kinyume chake ni ombi la “kila kilichopo kwenye menyu kiwepo pia kwenye mstari wa amri”. Linasikika la haki, lakini halimwambii mwandaaji aanzie wapi, na vitu vingi vya menyu, mathalani upana wa safu au rangi ya mwangaza, havina mtu anayevihitaji ndani ya skripti.

Kuhusu majina, es.exe imefanya jambo moja la busara na jingine linalonisumbua. La busara ni kuazima kutoka kwa `dir`: `/ad` kwa folda pekee, `/a-d` kwa faili pekee, `/od` kwa mpangilio wa tarehe. Mtumiaji wa Windows wa miaka mingi anakuta vidole vyake vinajua tayari. Linalonisumbua ni `-s`. Kwenye Everything.exe, `-s` ni kifupi cha `-search`. Kwenye es.exe, `-s` maana yake ni panga matokeo kwa njia kamili ya faili. Andika `Everything.exe -s ankara` na dirisha linafunguka likitafuta ankara. Andika `es -s ankara` na unapata ankara pia, kwa sababu es.exe huchukulia neno lililobaki kuwa ndilo la kutafuta. Zote mbili zinaonekana zimekuelewa. Tofauti inajitokeza siku utakapoweka `-n 10` ukitarajia kumi za mwanzo kwa mpangilio wa jina la faili, ukapewa kumi za mwanzo kwa mpangilio wa njia.

Kosa hilo haliwezi kurekebishwa sasa bila kuvunja skripti za watu, kwani herufi ikishatolewa kwa umma huwa imekwenda. Ndiyo maana kwenye ombi lolote la chaguo jipya ningependekeza jina refu peke yake, `--sort-path` au `--search`, na herufi moja ingoje toleo la baadaye, baada ya kuonekana ni chaguo lipi watu wanaliandika mara nyingi kwa mkono na lipi linaishi ndani ya skripti tu, ambamo urefu wa jina haumchoshi mtu.